Mama Alipokwenda Homa Bay Kumpokea Cephas

Nilikuwa naandika hesabu za kugawanya ubaoni nilipomwona kaka yangu Nashon kupitia dirishani, akiegemeza baiskeli kwenye mlingoti wa bendera. Nashon anaishi Sori, kando ya ziwa. Mimi nafundisha shule ya msingi karibu na Asumbi. Mtu hatoki Sori mpaka Asumbi Alhamisi asubuhi kwa kusalimia tu. Hata baiskeli haikuwa yake. Nilijua ameiazima Rangwe aliposhuka kwenye basi.

Niliweka chaki chini, nikatoka. Aliomba maji. Nikamletea kikombe, akanywa yote kwa mkupuo mmoja, akakipangusa kwa pindo la shati kana kwamba ni kikombe cha wageni, kisha akasema, "Min Cephas amelala."

Sisi Waadventista tukisema mtu amelala tunajua maana yake, kwa sababu tunangoja siku ya kuamshwa. Neno hilo nililielewa. Lililonikalisha kwenye ngazi ya darasa ni lile jina. Min Cephas ni mama yake Cephas, na ndivyo watu wa sokoni walivyomwita mama yetu, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Lakini Nashon hakuwahi kulitamka. Kwa miaka mingi alikuwa akilisikia anageuza uso. Siku hiyo alilisema mwenyewe, na hakuugeuza.

"Lini?" nikamwuliza.

"Jana alasiri. Alikuwa anaanika omena. Akasema amechoka, akakaa kwenye kivuli cha ghala. Wifi yako akaenda kumpikia uji. Kurudi, basi."

"Aliteseka?"

"Hapana. Uji ulikuwa bado moto."

Hayo yalikuwa mwezi wa pili mwaka huu wa 1969. Naandika sasa, majuma matatu baadaye, kwa sababu watoto wa Nashon wataniuliza bibi yao alikuwa mtu wa namna gani, nami nataka niwaambie kabla sijaanza kusahau. Jina lake lilikuwa Phelesia. Hakusoma. Hakuwahi kufika Nairobi. Safari ndefu kuliko zote alizofanya ilikuwa ya Homa Bay, na safari hiyo ndiyo nitakayoisimulia zaidi.

Mama alizaliwa upande wa Karungu, akaolewa Sori na baba yetu, aliyekuwa mzee wa kanisa. Alinunua omena, wale dagaa wa ziwani, kwa wavuvi, akawaanika juu ya nyavu kuukuu, na kila siku ya soko akawapeleka Uriri. Huko alikuwa na rafiki yake Mokeira, Mkisii aliyeuza ndizi na wimbi. Mama hakujua Kikisii, Mokeira hakujua Kijaluo. Walielewana kwa Kiswahili cha sokoni ambacho wote wawili walikivunja walivyotaka, na hawakuwahi kukosa la kuzungumza.

Alizaa watoto sita, tukabaki watatu. Cephas alikuwa wa kwanza, Nashon akafuata baada ya miaka saba, na mimi nikaja mwisho kabisa, wakati Mama alikuwa amekata tamaa. Cephas simkumbuki. Nilikuwa na mwaka mmoja alipojiunga na jeshi, mwaka 1942. Ninachojua ni nilichosimuliwa: kwamba alipiga mluzi kila alipokwenda, na kwamba alipenda kichwa cha ngege, samaki wetu wa ziwani, kuliko mwili wake. Tena alikuwa na miaka kumi na minne alipokwenda kwa siri kung'olewa meno sita ya chini, kama ilivyokuwa desturi ya Wajaluo, baada ya nyanya yetu kumwambia kwamba hakuna msichana atakayemtazama mwanamume mwenye meno ya punda. Baba, mzee wa kanisa, alimchapa, lakini meno hayakurudi.

Mwaka 1944 ikaja barua ya serikali. Baba aliisoma, akaikunja, akaisoma tena. Ilisema kwamba baada ya vita kwenye mto mmoja huko Burma, askari Cephas hajulikani alipo.

Baba alielewa kwamba mtoto wake amekufa. Akaomba, akafunga siku tatu, akarudi kulima. Mama hakuelewa hivyo.

"Hajulikani alipo si kufa," alisema. "Hata ndama wa jirani hajulikani alipo tangu jana. Mmemlilia?"

Tangu siku hiyo, kila alipopika ngege, aliweka kichwa pembeni katika kibakuli na kukifunika. Asubuhi aliwapa kuku.

Sasa lazima nieleze desturi yetu moja, maana bila hiyo mtu wa mbali hataona ugumu ulikuwa wapi. Mjaluo akipotea ziwani au vitani na mwili wake usionekane, watu wake hawamwachi hivyo hivyo. Hutafuta tunda la mvungunya, lile refu, zito, la kijivu, ambalo sisi huliita yago. Hulizika nyumbani mahali pa mtu huyo, wakamlilia, na yakaisha. Lakini yago halizikwi kwa mtu aliye hai. Kufanya hivyo ni kumwua kwa mikono yako.

Wazee wa ukoo walikuja mwaka 1950 kusema Cephas azikwe kwa yago. Baba alikataa kwa kuwa aliona huo ni upagani. Mama alikataa kwa kuwa mtoto wake yu hai. Ni mara chache niliwaona wazazi wangu wakikubaliana kwa nguvu hivyo, na kwa sababu mbili zisizojuana.

Aliyeumia ni Nashon. Kwetu mdogo hamtangulii mkubwa. Kaka hajajenga mji wake, yaani boma lake mwenyewe, wala hana kaburi, basi mdogo hawezi kutoka kwa baba yake akajenga wa kwake. Nashon alioa, akazaa watoto watatu, na bado alikuwa analala katika simba, kile kibanda cha kijana asiyeoa, karibu na lango la wazazi. Baba alipofariki mwaka 1958, Nashon alianza kumwuliza Mama kila baada ya mavuno.

"Mama, nijenge?"

"Kaka yako amejenga?"

Mazungumzo yaliishia hapo, mpaka mavuno mengine.

Mwezi wa nane mwaka 1966 nilikuwa likizoni, nimemsindikiza Mama soko la Uriri. Hatujamaliza hata kutua mizigo, Mokeira akaanza kupiga kelele kutoka kwenye ndizi zake.

"Min Cephas! Umesikia? Chifu amepita na kipaza sauti. Watoto wa Afrika waliopotea ng'ambo wanarudi nyumbani!"

Mama akasimama na kikapu kichwani. "Wanarudi wapi?"

"Homa Bay. Jumapili ya tatu. Wanataka akina mama waende wawapokee. Mbona unaniangalia hivyo, umemeza mwiba?"

Mimi nilijua mkutano huo ni nini, maana walimu kadhaa tuliosoma sekondari tuliandikiwa barua twende kutafsiri. Makanisa na walimu wa wilaya walikuwa wamewaalika wageni kumi na mmoja kutoka Amerika na visiwa vya huko, vizazi vya watu waliouzwa utumwani zamani za kale, waje washerehekee utamaduni wao pamoja na wetu. Kungekuwa na ngoma, hotuba, na maonyesho ya vyungu na vikapu. Hivyo tu.

Njiani kurudi nikamwambia, "Mama, wale wageni ni wajukuu wa wajukuu wa watu waliochukuliwa kabla hata Wazungu hawajafika hapa."

"Na waliochukuliwa majuzi wako wapi?"

"Hao ni wengine."

"Ng'ambo ni ng'ambo, nyathina," akasema, akiniita mtoto wake. "Maji ni yale yale."

Naungama hapa, kama nilivyoungama mbele za Mungu, kwamba ningeweza kusema waziwazi: Cephas hayumo. Sikusema. Alikuwa anatembea mbele yangu kwa haraka, mama wa miaka sitini, na sikuwa nimewahi kumwona akitembea hivyo.

Nyumbani akafungua sanduku la bati, akatoa shati la kaki la Cephas, akalifua, akalipiga pasi ya mkaa. Nashon alisimama mlangoni.

"Hilo ni la nani?"

"La kaka yako."

"Mama, Cephas akiwa hai ana miaka arobaini na mitatu. Shati hilo halitamwenea."

"Likikataa kumwenea utalivaa wewe, mwenye mwili wa njiti."

Nashon akanifuata nje, nyuma ya ghala. "Umemwambia ukweli?"

"Nimemwambia."

"Umemwambia, au umemwonjesha tu?"

Nashon akacheka kidogo, bila furaha. "Basi nenda naye," akasema. "Atakaporudi, mimi ndiye nitakayemwuliza tena baada ya mavuno."

Jumapili tulipanda basi la alfajiri. Katika kikapu cha Mama kulikuwa na shati, na ngege mkubwa wa kukaanga aliyefungwa kwa jani la mgomba. Mokeira alipandia Uriri na mkungu wa ndizi, akasema hawezi kukosa kuona watu waliopotea wakarudi, kwa sababu kwao Kisii mtu akipotea harudi, hasa akiwa na deni.

Mkutano ulikuwa katika ukumbi mkubwa mjini Homa Bay. Juu ya mlango walitundika kitambaa cheupe chenye maandishi mekundu, KARIBUNI NYUMBANI WATOTO WA AFRIKA. Ndani kulikuwa na vyungu vya kila namna, ngao za zamani, kofia za manyoya, na mzee mmoja aliyepiga orutu, kile kinanda cha uzi mmoja, bila kupumzika. Wageni walipoingia, wanawake walipiga vigelegele mpaka mabati yakalia. Mgeni mmoja mama alilia papo hapo mlangoni. Mama yangu hakupiga kigelegele. Alikuwa anahesabu nyuso. Wanawake wanne, wanaume saba.

Wakatupanga akina mama mstari mmoja ili wageni wapite wakitupa mkono. Nilisimama karibu na Mama kwa kazi yangu ya kutafsiri. Wa kwanza kati ya wanaume alikuwa mrefu, mweusi kama watu wa ziwani, wa makamo, na mabega yake yaliinama mbele kidogo kama ya baba yetu. Hata mimi moyo wangu ulishtuka, Mungu anisamehe. Mama akaushika mkono wake na hakuuachia. Mstari wote ukasimama.

"Mwambie afungue kinywa," Mama akaniambia kwa Kijaluo.

"Mama, tafadhali."

"Wewe umeletwa hapa kutafsiri. Tafsiri."

Nikamwambia mgeni kwa Kiingereza kwamba mama huyu anaomba kuona meno yake. Akacheka. Akasema nimwambie kwamba alikwenda kwa daktari wa meno mwezi uliopita, hatapata kosa. Kisha, kwa kuwa Mama hakucheka, naye akaacha kucheka, akainama na kufungua kinywa. Mama alichungulia kama anayechungulia chungu.

"Ya chini yote yapo," akasema. "Si huyu."

Akamwachia, akamshika wa pili. Kufika wa nne, wageni walikuwa wameshaelewa. Walikuja vinywa wazi wenyewe, wakiona ni desturi yetu ya kupokea watu. Bwana mmoja mwenye beji kifuani akaja mbio.

"Mama, unachelewesha programu."

"Hiyo programu ina miguu?" Mokeira akamjibu. "Itangoja."

Wa saba alikuwa kijana asiyefika miaka thelathini. Mama alimtazama meno hata hivyo. Kisha akaenda kukaa kwenye benchi la ukutani, kikapu magotini, na wakati wote wa hotuba za ufunguzi hakuinua macho.

Adhuhuri yule mgeni mrefu alikuja kukaa nasi. Alisema jina lake ni James, na Mokeira akasema hilo si jina la kupotelea, maana kanisani kwake wako wanne. James akaomba nimwambie kwa nini mama alimtazama meno. Nilitaka kulipunguza jambo hilo, lakini Mama akasema, "Mwambie yote. Usimwonjeshe." Sijui kama alitusikia nyuma ya ghala. Nikasimulia yote.

James alisikiliza hadi mwisho. Mama akamwuliza, "Mama yako yuko?"

"Tulimzika mwaka jana."

"Na yule mama wa kwanza kabisa? Yule ambaye mtoto wake alichukuliwa akapelekwa kwenu?"

"Hatumjui. Hatujui hata alikuwa wa nchi gani."

"Alizika nini?"

James hakuelewa. Nikamweleza habari za yago, polepole, nikirudia. Akasema, "Sijui, mama. Labda hakuzika kitu. Labda alingoja."

"Mpaka lini?"

"Mpaka akafa, nadhani."

"Halafu nani akangoja?"

Mzee wa orutu alikuwa amepumzika, na ukumbini zilisikika sahani tu. "Labda ni sisi," James akasema. "Mama yangu alikuwa anauliza maisha yake yote sisi ni watu wa wapi. Sasa nauliza mimi. Nina binti, naye ameanza."

Nilimtafsiria Mama. Alifungua kikapu, akakunjua jani la mgomba, akakata kichwa cha ngege na kumwekea James kwenye sahani.

"Ale," akasema.

James alikizungusha kile kichwa kwa uma bila kujua pa kuanzia. Mokeira hakuvumilia. "Weka hicho chuma chini, mwanangu! Shika kwa mkono. Hapo shavuni ndipo penye nyama. Na jicho usiache, utawatukana wenye ziwa." Mkisii anamfundisha Mmarekani kula samaki wa Wajaluo, watu wa mabenchi ya jirani walicheka hadi machozi. James alikula jicho. Mama alimtazama mpaka akamaliza.

Siku ya pili ilikuwa zamu ya James kuhutubia, nami nilipangiwa kumtafsiria. Alikuwa na karatasi nyingi juu ya nyimbo za kazi walizoachiwa na bibi zao. Alisoma ukurasa mmoja, akaziweka chini, akasema kwamba jana aliulizwa swali ambalo hakuwahi kulisoma katika kitabu chochote, akalisema: yule mama wa kwanza alizika nini? Akaomba aliyemwuliza asimame.

Mama alisimama. Nilidhani ataogopa umati. Alizungumza kama anayezungumza na Mokeira.

"Mimi nilikuja hapa kumchukua mtoto wangu," alisema, nami nikatafsiri. "Mliposema waliopotea wanarudi, nilidhani ni wote. Nimetazama, hayumo. Kwetu kuna tunda la kumzikia mtu asiyerudi. Mimi nimelikataa miaka ishirini na miwili. Nilisema nangoja, na kungoja ni kwangu. Lakini huyu jana ameniambia kwamba mama akifa bado anangoja, mtoto wake anarithi. Nina mtoto mwingine nyumbani. Nimemrithisha kabla sijafa. Sasa nimechoka kusimama."

Akakaa. Watu hawakupiga makofi, na ilikuwa vizuri hivyo. Yule bwana wa beji alikuja akamletea soda.

Hatukungoja siku ya tatu. Kulipopambazuka tuliagana na James, naye akaandika jina la Cephas katika kitabu chake kidogo, akaniuliza herufi moja moja. Mokeira alishukia Uriri. Tulipokaribia kwetu, Mama aliona mvungunya kando ya barabara, akampigia dereva kelele asimame. Akashuka, akazunguka chini ya mti akiyapima matunda kwa macho, akachagua moja refu. Nililiangusha kwa ufito. Lakini dereva alipotuona tunarudi nalo akainua mkono.

"Hilo halipandi basi langu, mama. Abiria watashuka."

"Umebeba mbuzi watatu," Mama akasema. "Utashindwa na mwanangu?"

Dereva akaangalia chini. Mama hakumgombeza tena. Alimwambia aende salama, akalifunga lile yago mgongoni kwa leso, kama mtoto, na maili tatu zilizobaki tulizitembea kwa miguu. Nilimwomba nimpokee. Alikataa.

Nashon alikuwa anatengeneza zizi. Alipoona kilicho mgongoni mwa Mama, alivua kofia, akakaa chini palepale kwenye samadi.

Usiku huo sikuwa na amani. Baba yetu alikataa jambo hili kwa ajili ya imani, na imani ya baba ndiyo yangu. Asubuhi nikaenda kwa Mchungaji Monari, nikamweleza.

Alifikiri, akaniuliza, "Je, Bwana anahitaji tunda hilo ili amjue Cephas siku ya ufufuo?"

"Hapana."

"Mama yako analihitaji?"

"Ndiyo, Mchungaji."

"Basi isiwe pombe, wala dhabihu, wala kuita mizimu. Nitakuja kama jirani. Koti la kanisani nitaliacha."

Akaja bila koti. Lakini niliona kitabu cha nyimbo kimetokeza katika mfuko wa nyuma wa suruali, na ulipofika wakati alikitoa. Mama alilivika yago lile shati la kaki, akalifunga vifungo vyote. Shati lililienea. Tulilizika upande wa lango, mahali pa simba ya Cephas ya zamani, na Mama alimlilia mtoto wake kwa sauti, kwa majina yake yote. Kabla ya hapo sikuwa nimewahi kumsikia akimlilia.

Watu walipotawanyika akamwita Nashon. "Mavuno yakiisha," akamwambia, "jenga." Nashon alijenga kabla ya mavuno. Alitoka alfajiri moja na mkewe na mtoto wake wa kwanza, wakiwa na jogoo, shoka na moto, kama ilivyo desturi ya kuanzisha mji, akiongozwa na baba mdogo wetu, na hadi jioni kibanda kilikuwa kimesimama na moshi unatoka.

Miaka miwili na nusu iliyobaki Mama aliishi kama watu wengine. Sijui kama moyoni aliacha kabisa kungoja. Hilo analijua Mungu. Najua tu kwamba kichwa cha ngege sasa alikila mwenyewe, akisema ni kitamu na kwamba Cephas alikuwa na akili. James aliandika mara moja. Alisema kanisani kwao wamemwombea Cephas kwa jina. Nilimsomea Mama barua hiyo mara tatu.

"Nimjibu nini?" nikauliza.

"Mwambie meno yake ni mazuri. Ayatunze."

Tulimzika Jumapili, saa nane mchana. Kaburi lilichimbwa kushoto kwa mlango wa nyumba yake, kama inavyompasa mke; baba yetu yuko kulia. Jeneza lilitengenezwa na seremala wa Sori kwa mbao za mvule. Mchungaji Monari alikuja, safari hii amevaa koti. Alihubiri kwa ufupi juu ya asubuhi ile ambayo wote waliolala wataitwa, wa nchi kavu na wa majini, wa karibu na wa mbali.

Mokeira alikuja kutoka Uriri na mkungu wa ndizi. Alipopewa nafasi ya kusema alisema kwa Kiswahili, "Huyu alinipunja omena miaka ishirini. Nami nilimpunja ndizi. Kwa hiyo tuko sawa, na mwingine kama yeye sina." Akakaa, akajifunika uso kwa leso.

Jeneza likateremshwa. Mzee wa ukoo akasema mtoto wa kwanza atie udongo. Nashon alitoka pale kaburini, akaenda mpaka upande wa lango, kwenye lile tuta dogo la yago lililoota majani. Akainama, akachota udongo kwa mikono miwili. Akarudi nao polepole ili usimwagike, watu wakampisha njia, akautia juu ya jeneza. Kisha akachota kwenye rundo la udongo wa kaburi, akatia wa kwake. Nami nikafuata.

Wanaume wakachukua majembe. Tuliimba nyimbo tatu. Saa kumi kaburi lilikuwa limefunikwa, Mchungaji akaomba, nasi tukaenda kunawa mikono.